Mbwa Mzee Aliyefiwa na Mwenzake: Namna ya Kumchagulia Mwenza Mpya



Tumezoea kufundishana juu ya ng'ombe wa maziwa, kuku na mboga. Mwezi huu somo letu ni juu ya mnyama asiyetoa maziwa wala mayai, lakini ambaye bila yeye maziwa na mayai hayo huenda yakachukuliwa usiku. Mnyama huyo ni mbwa wa boma. Tena si mbwa yeyote, bali mbwa mzee aliyeishi na mwenzake miaka mingi, kisha mwenzake akafa.

Jambo hili lawahusu hasa wasomaji wanaofanya kazi River Road na mitaa iliyo kandokando yake. Wengi wao hufungua duka, gereji au kibanda asubuhi na mapema, na jioni hurudi Kangemi, Uthiru, Kinoo, Kikuyu, Kawangware au Dagoretti. Huko wana kiwanja kidogo, ng'ombe mmoja au wawili wa kulishwa bandani, na kuku kadha. Kutwa nzima boma hubaki mikononi mwa mbwa. Wakiwa wawili husaidiana: mmoja hulala, mwingine husikiliza. Akifa mmoja, yule aliyebaki hukaa peke yake tangu alfajiri mpaka usiku, na kama ni mzee, mabadiliko hayo humwia mazito sana.

Mbwa akiisha kufiwa, watu wengi hufanya moja katika mambo mawili. Wako wasemao, "Huyo ni mbwa tu, atasahau." Na wako wanaomwonea huruma, nao jioni iyo hiyo hununua mtoto wa mbwa kando ya barabara, wakamtia katika kikapu, wakapanda naye matatu hadi nyumbani. Njia zote mbili zaweza kuleta hasara. Somo hili lakuonyesha njia ya tatu.

JE, NI KWELI MBWA HUHUZUNIKA?

Yaliyo moyoni mwa mbwa hatuwezi kuyasoma, lakini matendo yake twayaona. Mwaka 2022 wataalamu wa Italia walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwauliza watu 426 waliokuwa na mbwa wawili au zaidi, na mmoja katika mbwa hao akafa. Katika kila watu 100, watu 86 walisema kuwa mbwa aliyebaki alibadilika tabia. Mabadiliko waliyoyataja ni haya:

Kutaka kuwa karibu na watu zaidi: 67 katika 100.
Kupunguza michezo: 57.
Kupunguza mwendo na kazi: 46.
Kulala zaidi: 35.
Kuwa mwoga: 35.
Kupunguza chakula: 32.
Kubweka au kulia zaidi: 30.

Mambo mawili katika uchunguzi huo yafaa yakumbukwe. Kwanza, si wingi wa miaka waliyokaa pamoja uliofanya huzuni iwe kubwa, bali ni urafiki wao. Mbwa waliokuwa marafiki, au waliokuwa kama mzazi na mtoto, ndio waliobadilika zaidi. Pili, mbwa huwa pia na hali ya mwenyewe. Mahali ambapo mwenye mbwa alihuzunika sana, mbwa naye alizidi kuonyesha dalili. Basi ukiwa wewe mwenyewe umenyamaza na watoto wanalia, usishangae mbwa akikataa sahani yake.

MJUE KWANZA ALIYEKUFA ALIKUFA KWA NINI

Kabla hujafikiria mbwa mpya, jiulize swali hili: yule wa kwanza alikufa kwa nini? Watu wengi huliruka swali hili, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Ikiwa alikufa kwa uzee, au aligongwa na gari, hapana tatizo. Lakini ikiwa alibadilika ghafula, akawa mkali au mpole kupita kawaida, akatokwa na udenda, sauti ikabadilika, akashindwa kumeza, miguu ya nyuma ikalegea, kisha akafa katika siku chache, yakupasa ushuku kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulithibitishwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Mwaka 2014 Serikali iliweka mpango wa kuumaliza kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Mtu akiisha kuonyesha dalili za kichaa, ni nadra sana kupona.

Basi usiuguse mzoga kwa mikono mitupu, wala usiutupe mtoni. Mwite afisa wa mifugo wa kaunti yako. Yeye ndiye atakayejua namna ya kuchukua kichwa na kukipeleka kupimwa katika maabara ya mifugo ya Kabete. Kazi hiyo usiifanye mwenyewe. Mtu aliyeumwa au aliyerambwa penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Mbwa mzee aliyebaki mfunge mahali salama, na afisa huyo ndiye atakayeamua juu yake. Kumbuka kwamba mbwa mwenye kichaa huweza kujificha gizani na kukataa chakula, na watu wakadhani anamlilia mwenzake. Hapo usilete mbwa mwingine mpaka uruhusiwe.

Ikiwa aliyekufa alikuwa mchanga, akatapika na kuhara damu, huenda ilikuwa pavo. Vijidudu vya pavo huweza kukaa katika udongo kivulini mwaka mzima au zaidi. Sakafu ya saruji yaweza kusafishwa: osha uchafu wote kwanza, kisha mwagia dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja katika vikombe 30 vya maji, iache dakika 10 hivi, ndipo usuuze. Udongo hausafishiki kwa njia hiyo. Katika boma la namna hiyo usilete mtoto wa mbwa. Lete mbwa mzima aliyekwisha kupata chanjo zake.

JE, NI HUZUNI AU NI UGONJWA?

Mbwa mzee ana maradhi mengi yanayofanana na huzuni. Meno yaliyooza humzuia kula. Viungo vyenye maumivu humfanya asiamke. Figo zikichoka hunywa maji mengi na kukonda. Homa zinazoletwa na kupe humfanya alale kutwa, na ufizi huwa mweupe. Usiseme, "Ni majonzi," mpaka daktari wa mifugo amempima.

Shika kanuni hii: mbwa mzee asipokula kwa siku moja, mwangalie kwa makini, asipokula kwa siku mbili, mpeleke kwa daktari. Asipokunywa maji, au akitapika, au akipumua kwa shida, usingoje siku ya pili. Walio upande wa magharibi ya mji wana bahati, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo chake cha udaktari wa mifugo huko Kabete ya Juu, na wanyama hutibiwa pale.

MPE MUDA, WALA USIBADILI MAMBO YAKE

Daktari akisema mwili ni mzima, dawa ya kwanza ni utaratibu. Mlishe saa zile zile alizozizoea. Mlaze pale pale alipolala. Usiondoe gunia la mwenzake kwa haraka, kama halina ugonjwa, maana harufu ile humtuliza. Mtembeze kidogo asubuhi kabla hujaenda kazini na jioni urudipo. Watoto watokapo shuleni wakae naye kitambo. Ugali wake ukitiwa mchuzi wa omena wenye uvuguvugu humvuta kuliko ugali mkavu, lakini usitie kitunguu, kwani ni sumu kwa mbwa, wala usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vikawa vijiti vyenye ncha.

Muda huo ni wa siku ngapi? Haina hesabu moja. Katika uchunguzi ule wa Italia wako waliorudia hali yao kabla ya miezi 2, na karibu robo yao walikawia zaidi ya miezi 6. Tazama dalili, usitazame kalenda. Mbwa aliye tayari hula chakula chake, hukukimbilia langoni, na akimwona mbwa wa jirani hutikisa mkia na kutaka kumnusa.

Tena si kila mbwa mzee anataka mwenza. Ikiwa ni kipofu, ana maumivu ya kudumu, au maisha yake yote hakupenda mbwa mwingine ila yule mmoja, mwache. Kumletea mgeni ni kumwongezea taabu katika siku zake za mwisho. Mbwa wa namna hiyo mliwaze kwa watu, wala si kwa mbwa. Ikiwa boma lahitaji ulinzi zaidi, imarisha ua na taa kwanza.

NAMNA YA KUMCHAGUA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mbwa mpya achaguliwe kwa kipimo cha yule mzee, wala si kwa kipimo cha haraka yako au uzuri wa manyoya.

1. Umri. Mbwa wa miaka 2 hadi 5, aliyekwisha kutulia, ndiye afaaye zaidi. Mtoto wa mbwa hupendeza, lakini hucheza kutwa, huuma masikio, hupanda mgongoni, na mzee mwenye viungo vibovu hawezi kumkimbia. Ukiwa kazini River Road tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, nani atawatenga? Ukipenda mtoto wa mbwa, lazima nyumbani pawe na mtu mzima kutwa nzima.

2. Jinsia. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mara nyingi ndivyo ilivyo kwa madume wawili, na majike wawili wakigombana huenda ugomvi wao ukawa mkali zaidi. Dume na jike ndio wanaopatana kwa urahisi. Lakini mwone daktari kwanza ili mmoja ahasiwe au afungwe uzazi. Usipofanya hivyo, mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na utakuwa na watoto sita au wanane usiojua pa kuwapeleka. Kumbuka pia kwamba dume aliyehasiwa huweza kutia mimba kwa wiki chache baada ya kukatwa, basi mtenge na jike kwa muda huo.

3. Ukubwa. Asimzidi mzee sana kwa uzito na nguvu. Mbwa wa kilo 40 akimkumba mzee wa kilo 18 kwa mchezo tu, aweza kumvunja.

4. Tabia. Usichague aliye mkali kuliko wote kwa kuwa wataka mlinzi. Chagua aliyezoea kuishi na mbwa wenziwe, anayekubali kuondolewa sahani, na ambaye akikaripiwa na mbwa mkubwa hurudi nyuma. Mbwa wa namna hiyo atabweka mgeni akija, hiyo yatosha.

5. Afya. Dai kuona kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa huanza mtoto wa mbwa afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Mpe dawa ya minyoo na umwoshe kupe na viroboto kabla hajaingia bomani. Jambo moja tena: usinunue chupa ya chanjo dukani mjini ukaitia mfukoni mpaka nyumbani. Chanjo ya kichaa hutunzwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikipata joto la matatu na jua la mchana, huenda ukawa umemdunga mbwa maji yasiyo na faida, nawe utalala ukidhani umekingwa.

6. Atokako. Mtoto wa mbwa auzwaye kando ya barabara mara nyingi ameachishwa ziwa mapema, hana kadi, na muuzaji huwezi kumwona tena. Afadhali umchukue kwa jirani unayemjua, ambaye waweza kumwona mama yake. Au uende kwa chama cha kutunza wanyama, KSPCA, huko Karen, ambako mbwa hutolewa wakiwa wamechanjwa na kufungwa uzazi. Usidharau mbwa kwa kuwa hana kabila. Mwezi wa Mei mwaka 2005, upande huu huu wa magharibi, karibu na msitu wa Ngong, mbwa jike asiye na mwenyewe alimkuta mtoto mchanga aliyetupwa ndani ya mfuko, akamchukua mpaka penye watoto wake mwenyewe, na mtoto yule akaonekana na watu akapona. Mbwa yule aliitwa Mkombozi, na KSPCA wakampokea. Habari zake zikafika nchi nyingi za dunia.

NAMNA YA KUWAKUTANISHA

Fanya kazi hii siku ambayo hufungui duka, ili uwe na siku mbili nzima za kuwaangalia.

Kwanza, ondoa bomani sahani zote, mifupa na matandiko. Vitu hivyo huleta ugomvi.

Pili, wakutane nje, mahali pasipo pa mmoja wao, kama kiwanja cha wazi au njia isiyo na watu wengi. Mbwa mzee akimkuta mgeni ndani ya lango lake, atamwona kuwa mwizi. Wewe mshike mzee, na mtu mwingine amshike mgeni. Kamba ziwe legevu, maana kamba ikivutwa mbwa huona kuna hatari. Tembeeni upande mmoja, hatua 10 kati yenu, kisha punguzeni nafasi kidogo kidogo. Waache wanusane kwa muda wa pumzi tatu, kisha endeleeni kutembea.

Tatu, rudini nyumbani pamoja, na mzee atangulie kuingia. Mlishe yeye kwanza, umwite yeye kwanza, mahali pake pa kulala pawe pake. Kila mmoja awe na sahani yake, mbali na mwenzake.

Nne, siku uendazo kazini watenge kwa ua wa waya, ili waonane na kunusana bila kufikiana. Fanya hivyo kwa wiki mbili au zaidi, mpaka uone wanalala karibu na waya bila kukoromeana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mbwa mgeni jembe lake ni kumfuata mzee na kujifunza mipaka ya boma, wala usimwachie zamu ya usiku peke yake mapema.

Mzee akinguruma mgeni anaposogelea sahani, usimpige. Kunguruma ni maneno yake; asema, "Hapa usifike." Mgeni akirudi nyuma, somo limeingia. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya. Lakini ukiona wamekaza miguu, wametoleana macho, manyoya ya mgongo yamesimama, watenganishe kabla hawajashikana. Wakishikana, usitie mkono katikati, wamwagie maji.

Dalili njema ni kulala karibu, kunywa kwa zamu, na mzee kuanza tena kwenda langoni. Dalili mbaya ni mzee kujificha, kukataa kula kwa sababu ya mgeni, au damu kutoka zaidi ya mara moja. Ukiona hivyo baada ya majuma kadha, mrudishe mgeni au mtafutie boma jingine. Kwa sababu hii patana mapema na aliyekupa kwamba utaweza kumrudisha.

MUHTASARI

Mbwa mzee aliyefiwa ni mtumishi wako wa miaka mingi. Jua chanzo cha kifo. Mpime afya. Mpe muda. Mchagulie mwenza mtulivu, wa jinsia nyingine, asiyemzidi sana nguvu, mwenye kadi ya chanjo. Wakutanishe nje, wala usimshushe mzee cheo chake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja dalili nne za mbwa aliyefiwa na mwenzake.
2. Kwa nini yakupasa kujua aliyekufa alikufa kwa nini kabla ya kuleta mwingine?
3. Mtu ameumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa. Afanye nini kwanza, na kwa dakika ngapi?
4. Mwenye gereji River Road anatoka nyumbani Kinoo alfajiri na kurudi usiku. Amchagulie mbwa wake mzee mwenza wa umri gani? Eleza sababu.
5. Kwa nini mbwa wawili wasikutanishwe mara ya kwanza ndani ya lango?

Wasomee watoto maswali haya jioni. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona kwamba mbwa hakumaliza chakula chake.